Kulabu Wakati wa Njaa

Mwaka 1845 ukungu uliozesha viazi vya Ayalandi. Maskini hawakuwa na chakula kingine; njaa iliyofuata, pamoja na maradhi yake, iliua watu wapatao milioni moja. Mwaka 1847 Cassandra Hand, mke wa kasisi wa mji wa Clones, alileta mwalimu awafundishe wanawake kufuma kimia kwa kulabu, yaani kitambaa cha matundu cha kupambia nguo. Kimia cha Venice kilishonwa kwa sindano, kazi ya siku nyingi mno. Kulabu ilikiiga kwa upesi zaidi. Wafumaji walifuma waridi na majani moja moja, kisha wakayaunganisha kwa wavu mwembamba wenye vifundo vidogo. Walikuwapo jamaa waliobuni maua yao wenyewe, wakayaficha majirani wasiyaige, kwani mshono mpya ulikuwa chakula cha watoto. Kulabu haikuikomesha njaa. Wengi walikufa, na wengi wakahamia Marekani. Lakini ujira wake ulinunua unga na kulipa kodi. Aliyejifunza mshono mmoja wakati ule alipata mali ambayo ukungu haukuweza kuiozesha.