Keria: Asili ya Istilahi na Matumizi Yake

Katika istilahi za magari yako majina ambayo hayajajadiliwa sana, kwa kuwa kila mtu hudhani anayajua. Mojawapo ni keria, yaani ile fremu ya vyuma inayofungwa juu ya paa la gari ili ichukue mizigo. Makala haya yanakusudia kueleza jina hilo limetoka wapi, na kuonyesha mahali ambapo mfasiri asiyekuwa mwangalifu aweza kumtia msomaji wake hatarini.

Kiswahili hakikungoja gari ili kipate msamiati wa uchukuzi. Mpagazi wa misafara ya karne ya 19 alijitwisha kichwani, juu ya kata, mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi kidogo ya kilo 30. Mahali alipoutua ndipo palipoitwa kituo, na neno hilo sasa tumelipa basi. Bahari nayo ilitoa fungu lake: usukani, shehena, abiria na nauli ni maneno ya vyombo yaliyopanda nchi kavu. Nauli imetoka katika Kiarabu, nacho Kiarabu kilikuwa kimeipata kwa Wayunani. Kwa hiyo anayelalamika kwamba lugha ya magari imejaa maneno ya kuazima hana budi kwanza aitazame nauli anayolipa kila siku.

Desturi ya kupakia juu ya paa ni kongwe kuliko motokaa. Huko Uingereza magari ya abiria yaliyokokotwa na farasi yalichukua mizigo na watu juu ya paa, hata ikabidi mwaka 1788 Bunge lipitishe sheria ya kuzuia abiria wa paani wasizidi 6. La ajabu ni kwamba motokaa ilipokuja desturi hiyo ilirudi nyuma. Magari mengi ya mwanzo yalikuwa na paa la turubai la kukunjwa, lisiloweza kubeba kitu. Mizigo ikafungwa nyuma, au pembeni kwenye ubao wa kukanyagia. Paa lilipata nguvu baadaye. Kampuni ya General Motors, mathalan, ilianza kutumia paa la bamba zima la chuma katika magari yake ya mwaka 1935. Pembeni mwa mapaa ya namna hiyo palikuwa na kingo za mfereji wa maji ya mvua, na hapo ndipo mafundi walipopata pa kushikizia miguu ya keria. Magari mengi ya siku hizi hayana mfereji huo, na keria yake hushikizwa kwa vibano vya mlangoni au kwa reli zilizotoka nazo kiwandani.

Afrika Mashariki chombo hiki kilistawi mno. Land Rover, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, na Peugeot 404 na 504 zilizokuja mwaka 1960 na 1968, zilisafiri na vitanda, matenga ya kuku na magunia. Basi la masafa lilikuwa na keria ya urefu wa paa zima, ngazi nyuma, turubai, na utingo wa kupanda na kushuka. Fundi wa kuchomelea hakuhitaji mchoro: alipima paa kwa kamba, akakata mabomba.

Jina lenyewe tumelipata kwa Waingereza, na wengi wetu tulilijua kwanza kwa baiskeli. Asili yake ya mbali ni neno la Kilatini la gari la kukokotwa, ambalo Warumi walilichukua kwa Wagalia. Na neno hilo hilo ndilo lililozaa ile kaa iliyomo katika motokaa. Keria na motokaa, basi, ni ndugu wa ukoo mmoja.

Je, hatukuwa na neno letu? Utaratibu unaojulikana wa kuunda istilahi ni kuanza na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, ndipo tuvuke mipaka. Tungeweza kusema uchaga au kichanja. Kwa umbo maneno hayo yanafaa sana. Lakini uchaga una mahindi juu yake na kichanja kina vyombo vya kuanikwa. Vyote viwili vimesimama, havikimbii. Nami naona keria imekwisha kukata shauri lake yenyewe gereji na stendi, wala haifai kuinyang'anya.

Tatizo halimo katika jina bali katika kiunganishi. Mfasiri wa kitabu cha gari, au karani anayeandika zabuni, huandika "uzito wa keria kilo 75" akadhani amemaliza kazi. Je, ni uzito wa keria yenyewe? Ni mzigo ambao keria yaweza kuchukua? Au ni mzigo ambao paa laweza kustahimili? Magari madogo mengi huruhusiwa kilo 50 hadi 100 tu juu ya paa, na hesabu hiyo ni pamoja na keria. Keria ya chuma ya kuchomelewa yaweza kuwa na kilo 30. Katika gari la kilo 75, basi, zinabaki 45, karibu mzigo wa mpagazi mmoja na nusu. Asomaye vibaya atapakia 75 juu ya keria, atakuwa amezidisha kilo 30, na mzigo ulio juu hulegeza msimamo wa gari katika kona.

Kwa hiyo napendekeza hati zetu zitenge mambo matatu: uzito wa keria, yaani wa chombo kitupu, uwezo wa keria, yaani mzigo ambao mtengenezaji wa keria ameuruhusu, na uwezo wa paa, yaani jumla ya keria na mzigo ambayo mtengenezaji wa gari ameiruhusu wakati gari linapokwenda. Uwezo wa keria ukizidi ule wa paa, hati iseme wazi kwamba unaofuatwa ni wa paa. Na pale ambapo baiskeli nayo inatajwa katika hati hiyo hiyo, iandikwe keria ya paa na keria ya baiskeli, bila kifupisho.