Mkataba unapobana: Fei Toto, nyota wa kikapu wa Marekani na mlango wa kutokea

Na Mwandishi Wetu, Konde, Pemba

KIJANA wa Konde mwenye ndoto ya kuishi kwa mpira hana budi kuvuka bahari mara mbili. Kwanza hutoka huku kaskazini ya Pemba kwenda Unguja, ziliko timu nyingi zenye majina katika Ligi Kuu ya Zanzibar. Kisha, mguu ukimkubali, huvuka tena kwenda Dar es Salaam, ambako ndiko kwenye fedha. Kila anapovuka hutia saini karatasi. Kuingia katika karatasi hiyo ni kazi ya dakika moja. Kutoka ndani yake kabla ya siku iliyoandikwa ni jambo jingine kabisa, na Wazanzibari waliliona hilo kwa macho yao kati ya Desemba 2022 na Juni 2023.

Katika miezi hiyo Feisal Salum Abdallah, anayejulikana zaidi kwa jina la Fei Toto, alijaribu kuivunja ndoa yake na Yanga. Kiungo huyo alijiunga na klabu hiyo ya Jangwani mwaka 2018 akitokea JKU ya Zanzibar, na mkataba aliokuwa akiutumikia ulikuwa ufikie ukomo Mei 30, 2024. Desemba 2022 aliaga kupitia mitandao ya kijamii na kuiingizia klabu Shilingi milioni 112. Hesabu yake ilikuwa rahisi: milioni 100 za ada ya usajili aliyopewa, na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu. Yeye na washauri wake waliamini kwamba aliyerudisha alichopokea hadaiwi tena.

Yanga ilizirudisha fedha hizo na kwenda kushitaki. Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, iliamua kwamba Feisal bado ni mchezaji halali wa Yanga. Aliomba marejeo, nayo yakatupwa Machi. Kambini hakurejea. Kauli ya mama yake mzazi kwamba mwanawe alikuwa akila ugali kwa sukari ikawa gumzo la nchi nzima, na mwezi Mei mchezaji mwenyewe akawaomba wapenzi wa soka wamchangie ili alipeleke shauri lake kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, nchini Uswisi.

Shauri halikufika mbali huko. Mwanzoni mwa Juni, Yanga ikiwa imetoka kupoteza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mbele ya USM Alger kwa sheria ya bao la ugenini, Rais Samia Suluhu Hassan aliwaalika wachezaji na viongozi Ikulu, Dar es Salaam. Katika hafla hiyo alimtaka rais wa klabu, Hersi Said, aumalize mgogoro wa Fei Toto. Siku chache baadaye Azam FC ilimtangaza kuwa mchezaji wake, kwa makubaliano ya kuuziana baina ya klabu mbili. Kile ambacho milioni 112 na kamati zote zilishindwa kukitoa, kilitolewa na neno moja la mkuu wa nchi.

Watu wa Konde hawahitaji skuli ya sheria kuielewa hoja ya Yanga. Mwenye mikarafuu akishaikodisha kwa msimu na kupokea fedha zake, hawezi katikati ya uchumaji kuzirudisha na kumwambia aliyekodi awashushe wachumaji mitini kwa kuwa bei ya karafuu imepanda. Aliyekodi hakununua miti. Alinunua mavuno, na mavuno yanaweza kuwa na thamani mara nyingi ya alichotoa. Fei Toto alirudisha fedha ya kukodi, wakati Yanga ilikuwa ikihesabu mavuno. Tofauti, bila shaka, ni kwamba mkarafuu haulalamiki.

Sasa na tutazame ng'ambo, kwenye ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA. Huko nyota walio ndani ya mikataba minono, ambayo malipo yake yamehakikishwa, huondoka karibu kila mwaka kwa kusema tu kwamba wamechoka. Jambo hilo si geni. Kareem Abdul-Jabbar aliiambia Milwaukee mwaka 1974 kwamba anataka kuondoka, na mwaka uliofuata akapelekwa Los Angeles Lakers. Katika miaka ya karibuni, hata hivyo, limekuwa kama desturi. Anthony Davis alitangaza Januari 2019 kwamba anataka kutoka New Orleans. Ligi ikamtoza faini ya dola 50,000, wakati mshahara wake wa msimu ulizidi dola milioni 25. Faini ya namna hiyo ni sawa na kumtoza mwenye jahazi bei ya kikombe cha kahawa. Kabla mwaka haujamalizika alikuwa Lakers, anakotaka. James Harden aliilazimisha Houston imwachie Januari 2021, Brooklyn wakamwachia Februari 2022, na Philadelphia nao wakamwachia mwaka 2023: klabu tatu katika muda usiofika miaka mitatu.

Msomaji atauliza, iweje? Je, sheria za kikapu ni legevu kuliko za soka? Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Kwenye karatasi, mchezaji wa NBA amefungwa zaidi kuliko Fei Toto. Hana haki yoyote ya kuchagua aendako mkataba ukiwa hai. Klabu inaweza kumhamisha usiku amelala, bila ya kumuuliza, akaamka ni mali ya mji mwingine. Ni wachache mno wenye kifungu cha kukataa kuhamishwa, nacho huombwa tu na aliyetumikia ligi miaka minane, minne kati ya hiyo akiwa na klabu anayosaini nayo.

Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo analijua hilo vyema. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili na Memphis mwaka 2009. Februari 2011 alipelekwa Houston, na Machi 2012 akapelekwa Portland, mara zote mbili kwa uamuzi wa klabu. Hata nyota mkubwa hayuko salama: Luka Doncic, aliyekuwa ameifikisha Dallas fainali miezi michache kabla, aliondoshwa kwenda Lakers Februari 2025 pasi na yeye kuomba.

Kwa hiyo nguvu ya nyota wa kikapu haitoki katika sheria. Inatokana na namna biashara yenyewe ilivyopangwa. Klabu za NBA hazinunui mchezaji kwa dau kama ilivyo katika soka, hubadilishana. Mkataba humfuata mchezaji aendako, senti kwa senti, na klabu inayompokea hubeba mshahara wote uliobaki. Kwa kuwa ligi imeweka kikomo cha mishahara, klabu nyingi hulazimika kutoa wachezaji ambao mishahara yao inakaribiana na ya anayeingia. Mchezaji anayetaka kuhama, kwa hiyo, havunji chochote. Mkataba unabaki mzima, ni jina la klabu tu linalobadilika.

Ongeza hapo idadi. Kiwanjani wako watano, na mmoja akigoma theluthi ya nguvu ya timu inaweza kuwa imeondoka naye. Klabu haiwezi kumkata mshahara mradi anafika kazini, haiwezi kumfukuza bila ya kuendelea kumlipa, na ikimng'ang'ania hadi mkataba uishe ataondoka bure. Ikimbadilisha leo itapata wachezaji na haki za kuchagua chipukizi katika miaka ijayo. Mwenye duka lenye samaki mbichi hagombani na mnunuzi hadi magharibi.

Uhakika wa malipo nao si maneno matupu. Damian Lillard aliiomba Portland imhamishe Julai 2023, akataka Miami na si kwengineko. Ligi ikaonya kwa waraka kwamba mchezaji na wakala wake hawaruhusiwi kudokeza kuwa hatautumikia mkataba kikamilifu akipelekwa asikotaka. Septemba akapelekwa Milwaukee. Aprili 2025 alichanika mshipa wa kisigino, na miezi miwili hivi baadaye Milwaukee ikamwacha, ikabakia na deni la kumlipa takriban dola milioni 113, ambazo ilizigawa kwa miaka mitano. Mtu ameumia, ameachwa, na bado analipwa. Katika ligi zetu mchezaji aliyeumia goti hushukuru akilipwa mshahara wa mwezi unaofuata.

Uhakika huo una mpaka, nao ni kazi. Ben Simmons alikataa kuichezea Philadelphia msimu wa 2021/22, akieleza baadaye kwamba hali yake ya akili haikumruhusu, na klabu ikamzuilia karibu dola milioni 20 za mshahara hadi pande mbili zilipopatana Agosti 2022. Februari mwaka huo alikuwa amebadilishwa na Harden yuleyule wa Brooklyn: wanung'unikaji wawili wakapishana njiani. Jimmy Butler naye alisimamishwa na Miami zaidi ya mara moja Januari 2025, kisha akapelekwa Golden State, ambako alipewa mkataba mpya.

Katika soka mambo yamegeuzwa kichwa chini miguu juu. Hakuna klabu inayoweza kumpeleka mchezaji kwengine bila ya saini yake. Ulinzi huo Thabeet hakuwa nao. Lakini ili aondoke, mkataba wa zamani lazima ufe kwanza, na kifo hicho kina bei. Kanuni za FIFA zinasema mkataba huisha kwa muda kumalizika au kwa maelewano, na kwamba hauvunjwi na upande mmoja msimu ukiendelea. Ziko sababu za haki zinazomruhusu mchezaji kutoka, iliyo maarufu zaidi ikiwa ni kutolipwa mishahara ya miezi miwili, baada ya kuitaarifu klabu kwa maandishi na kuipa siku 15. Bila ya sababu kama hiyo, hulipa fidia. Na akivunja ndani ya kipindi cha ulinzi, yaani misimu mitatu au miaka mitatu ya mwanzo kwa aliyesaini kabla ya kufikisha umri wa miaka 28, hufungiwa pia kucheza kwa miezi minne.

Fidia ni kiasi gani? Swali hili limewasumbua hata majaji. Beki Andy Webster wa Scotland aliiacha Hearts mwaka 2006 kipindi cha ulinzi kikiwa kimepita, na Januari 2008 CAS ikamtaka alipe pauni 150,000, sawa na mishahara iliyosalia. Mwaka uliofuata mahakama hiyohiyo iliamua kwamba Matuzalem, Mbrazili aliyeikimbia Shakhtar Donetsk, na klabu yake mpya walipe karibu euro milioni 11.9, kwa kuwa kilichopotea ni thamani ya mchezaji sokoni na si mishahara peke yake. Hesabu ya Fei Toto ilikuwa ya Webster, ilhali upepo ulikuwa umeshavuma upande wa Matuzalem. Na yeye alivunja katikati ya msimu, jambo lililoudhoofisha mkono wake zaidi.

Wapo waliomfananisha na Bernard Morrison, Mghana aliyetoka Yanga kwenda Simba mwaka 2020 na kushinda CAS Novemba 2021. Mfano huo haumfai. Morrison hakudai haki ya kuvunja mkataba. Alidai kwamba mkataba mpya uliotajwa haukuwapo kihalali.

Tangu wakati huo kuta zimeanza kupata nyufa. Oktoba 4, 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika shauri la Mfaransa Lassana Diarra, kwamba baadhi ya kanuni hizo za fidia zinakiuka sheria za umoja huo. FIFA ikazirekebisha kwa muda kuanzia Januari 2025: sasa fidia inapaswa kulingana na hasara halisi ya aliyevunjiwa, na klabu mpya haichukuliwi tena moja kwa moja kuwa ndiyo iliyomrubuni mchezaji. Hata hivyo hasara halisi ya klabu iliyopoteza kiungo wake bora bado haiwi milioni 112.

Fei Toto mwenyewe hakuharibikiwa. Msimu wa 2023/24 aliifungia Azam mabao 19, akipitwa na Stephane Aziz Ki wa Yanga peke yake aliyekuwa na 21, na Azam ikamaliza ya pili mbele ya Simba kwa tofauti ya mabao. Lakini nusu msimu mzima aliukalia nyumbani akiwa na umri wa miaka 25, na si kila kijana atapata wa kumwombea Ikulu.

Kilichokosekana katika karatasi yake ni bei ya kutokea iliyoandikwa kwa tarakimu. Nchini Hispania sheria ya mwaka 1985 ndiyo iliyozaa desturi hiyo, na kwa njia hiyo Neymar aliondoka Barcelona Agosti 2017 baada ya euro milioni 222 kulipwa, klabu ikitaka isitake. Kifungu cha namna hiyo kinaweza kuombwa katika mkataba wowote, Dar es Salaam ikiwemo, ila huombwa kabla ya kusaini, wakati klabu bado inamtaka mchezaji kuliko yeye anavyoitaka klabu. Muda nao unajadilika: FIFA inaweka ukomo wa miaka mitano kwa mkataba wa kawaida, na kwa aliye chini ya miaka 18 ni mitatu tu. Mzazi wa Konde anayewekewa mezani mkataba wa miaka mitano kwa mtoto wa miaka 16 ana haki ya kuurudisha ukaandikwe upya.