Imezima, Imeganda au Imekwama?

Mwanangu alimwandikia fundi ujumbe mfupi: "Kompyuta yetu inaanguka kila siku." Baada ya dakika chache simu yangu ikaita. "Shikamoo mwalimu," fundi akasema. "Nimepata ujumbe wa kijana. Kioo kimepasuka, au ni kasha tu limebonyea?" Nikamwambia kompyuta haijatoka mezani tangu tuinunue. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo halijanitoka kichwani: "Basi imezima, imeganda, au imekwama?"

Kijana anasomea mambo ya kompyuta chuoni, na anayasoma kwa Kiingereza. Huko kuna neno moja, crash, linalobebeshwa karibu kila namna ya mashine kukatisha kazi bila kuombwa. Alilitafsiri kwa uaminifu, akapata kuanguka. Simlaumu. Lakini mimi nafanya kazi ya kutafsiri, na nasema wazi kwamba tafsiri hiyo inampotosha fundi, na inamgharimu mwenye mashine pesa.

Kwa Kiingereza, neno hilo ni mlio wa kitu kinachogonga na kuvunjika. Ndani ya kompyuta pana mahali ambapo maana hiyo ni ya kweli kabisa. Katika diski ngumu ya sahani, kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na nafasi iliyopo kati yao ni ndogo kuliko punje ya vumbi. Kichwa kikigusa sahani, kinaikwangua, na kilichoandikwa hapo kimepotea. Hiyo ni ajali hasa. Ila neno limehamia hata pasipo na chochote kilichogongana. Skrini ya bluu ya Windows, kwa mfano, hutokea pale mfumo unapokuta kosa zito kiasi kwamba kuendelea kungeweza kuharibu data, nao unaamua kusimama. Mashine iliyojisimamisha ili kunusuru faili zako haijaanguka.

Tena kuanguka kwetu kuna kazi nyingi tayari. Mtu huanguka mtihani, serikali huanguka, na mgonjwa wa kifafa husemwa ana maradhi ya kuanguka. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike lilizizimisha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft, na viwanja vya ndege vingi duniani vikavurugika. Hebu msomee mama ambaye mwanawe yuko safarini siku hiyo: "Mifumo ya viwanja vya ndege imeanguka." Sentensi ya namna hiyo sitaki kuiandika kamwe.

Turudi kwa fundi na vitenzi vyake vitatu, maana hakuvitaja kwa mapambo.

Kukwama ni kwa gari lililonasa kwenye tope. Injini inanguruma, tairi zinazunguka, safari haiendi. Kompyuta iliyokwama bado ina uhai: kishale cha kipanya kinatembea, kiduara cha kusubiri kinazunguka, lakini programu moja haijibu. Ukibonyeza Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja, orodha inafunguka na unaweza kuifunga hiyo programu sugu. Mara nyingi tatizo liko kwenye programu yenyewe, au kumbukumbu imejaa, au diski imechoka na inasoma kwa kubahatisha.

Kuganda ni jambo jingine. Hapa Tanga, asubuhi za kipupwe, mafuta ya nazi huganda chupani joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mafuta yote yapo, hayajapungua, ila hayamiminiki. Kompyuta iliyoganda ni hivyo hivyo: picha ya mwisho imebaki kwenye skrini, hata saa ya pembeni imesimama kwenye dakika ileile. Fundi alinifundisha kipimo kimoja rahisi: bonyeza kitufe cha Caps Lock uangalie kitaa chake. Kikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, ndani kuna kitu bado kinasikiliza, na kinachokusumbua huenda ni kukwama tu. Kisipobadilika, mashine nzima imeganda, na unaanza kushuku kumbukumbu, kadi ya picha au draiva.

Halafu kuna kuzima, na hapa ndipo Kiswahili kinaponifurahisha zaidi. Mzizi mmoja unatoa familia nzima, na kila mwana ana ushahidi wake. Imezimwa: kuna mkono wa mtu. Imezimika: imefikia hali hiyo, na hatujamtaja wa kulaumiwa. Imejizima: yenyewe imechukua hatua, kama simu inavyojizima chaji ikiisha. Hata kuzimia kwa mtu, kupoteza fahamu na baadaye kuamka, kumo katika ukoo huu. Na tatizo likijirudia, hatuhitaji kuongeza maneno, tunarudufu kitenzi: inazimazima. Mwanangu alihitaji maneno matano kumweleza fundi shida yetu, tena akakosea. Neno hili moja lingetosha.

Nilipomjibu fundi "inazimazima", swali lake la pili lilikuwa fupi: "Saa ngapi?" Nikafikiri. Asubuhi kijana anaweza kufanya kazi saa nzima. Mchana, hasa akihariri video, haipiti dakika 20. Kabla ya kuzima, feni hupiga kelele. Skrini ya bluu hatujawahi kuiona. Giza linaingia ghafla kama umeme umekatika, na taa ya chumbani inawaka vilevile.

Alikuja jioni. Kwanza alifungua kumbukumbu ya matukio ya Windows, akanionyesha tukio namba 41 limejipanga mstari kwa mstari. Namba hiyo inasema tu kwamba kompyuta imewaka upya bila kuzimwa kwa utaratibu, sababu haiitaji. Kisha akachomoa waya wa umeme, akafungua kasha. Akatoa vijiti viwili vya RAM, akachukua ufutio wa kawaida wa penseli na kusugua taratibu vile vimeno vya rangi ya dhahabu, kwa sababu hewa ya chumvi ya pwani hutia doa mahali pa kugusana umeme. Akapuliza makombo ya ufutio, akarudisha kijiti kimoja peke yake, akawasha na kuendesha kipimo cha kumbukumbu kilichomo ndani ya Windows, kile kinachoitwa kwa kuandika mdsched. Kikapita salama. Akabadilisha kijiti. Kikapita pia.

"RAM ikiwa mbovu, kwa kawaida ingekuonyesha bluu, mwalimu, au ingeganda," akasema. "Hii inakata moja kwa moja. Ni moto au ni pawa sapulai."

Akaigeuza taa ya simu kwenye feni ya prosesa. Chini yake, kati ya mapezi ya alumini, vumbi lilikuwa limeshonana kama pamba ya mto wa zamani. Hewa haikuwa na pa kupita. Alipoiondoa feni na kipozajoto chake, pesti iliyotakiwa kupitisha joto kutoka kwenye prosesa ilikuwa imekauka na kupasukapasuka kama chokaa ya ukuta. Prosesa za siku hizi zinapokaribia nyuzi 100 hupunguza kasi ili zipoe, na joto likizidi kupanda zinakata umeme kabla ya kuungua. Kumbe siku zote hizo kompyuta ilikuwa inajizima, kwa maana kamili ya kile kiambishi -ji-.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, hatuhitaji istilahi moja ya kuziba pengo la neno la Kiingereza. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, kazi kubwa ilikuwa kuvipa Kiswahili vitendo ambavyo mtu anaifanyia mashine: kuhifadhi, kufuta, kubandika. Vile ambavyo mashine inatufanyia sisi bado vinaishi midomoni mwa mafundi na wateja wao, na humo vimekaa vizuri. Nomino zake zipo au ziko karibu kuzaliwa. Mkwamo tunao, magazeti yanautumia kila siku kwenye siasa. Mgando tunaujua kwenye maziwa. Kilichobaki ni mzimiko, ambao natumaini haumshtui mtu anayejua mkwamo. Kwa programu moja inayotoweka huku mashine ikiendelea na kazi, naandika imejifunga, na msomaji ananielewa bila maelezo.

Fundi alisafisha mapezi kwa brashi ya rangi, akafuta ile chokaa kwa spiriti, akaweka tone la pesti mpya lenye ukubwa wa punje ya choroko, akafunga. Kabla ya kuondoka alikata kipande cha utepe wa gundi, akakibandika ubavuni mwa kasha na kuandika kwa kalamu nyeusi, ili fundi mwingine akija asianze upya: INAZIMAZIMA. RAM NZIMA. JOTO. Chini yake akaweka tarehe.