Kigawo na Kigawe: Kutoka Posho ya Wapagazi hadi Aljebra

Istilahi za hesabu zina historia yake kama zilivyo istilahi za dini na za biashara, ingawa ni nadra mwanafunzi kuelezwa. Katika makala haya tunakusudia kuitazama moja tu, kigawo kikubwa cha shirika, tukianzia Urambo, kwa kuwa kitenzi kilichoizaa kilikuwa na kazi nzito katika nchi hiyo kabla ya kuingia katika vitabu vya shule.

Urambo, nchi yenye jina la Mtemi Mirambo aliyefariki mwaka 1884, iko magharibi ya Tabora, na ni Mirambo huyo aliyewafungia wafanyabiashara wa Tabora njia ya Ujiji mwaka 1871. Mpagazi katika misafara ile alibeba mzigo uliokaribia frasila mbili, yaani ratili 70, na posho yake ya siku ilikuwa yapata kibaba kimoja cha nafaka. Vibaba vinne vilifanya pishi. Mikono minne ya nguo ilifanya shuka, na shuka mbili doti. Kwa hiyo kugawa lilikuwa jambo la haki na la tumbo. Hesabu, jumla na zidi tumevipokea kutoka Kiarabu. Gawa ni mzizi wa Kibantu. Na la kushangaza kidogo ni kwamba neno aljebra, ambalo asili yake ni kitabu cha Kiarabu cha al-Khwarizmi kilichoandikwa Baghdad katika karne ya 9, halikutufikia kwa Waarabu wa Tabora. Lilikuja baadaye, kwa mkono wa shule ya Kiingereza.

Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za Tanzania mwaka 1967, ilibidi mzizi huo uzae majina mawili: kigawo na kigawe. Wapo wanaolalamika kwamba tofauti ya irabu moja ni mtego kwa mtoto. Sisi tunaona kwamba irabu hiyo ndiyo inayofundisha. Kiishio -e humtaja aliyetendwa: mtume ametumwa, mteule ameteuliwa, kiumbe kimeumbwa. Kigawe, basi, ni namba inayogawika. Kiishio -o mara nyingi hutaja chombo, kama kifuniko na kipimo. Kigawo ni namba inayogawa. 6 ni kigawo cha 12, na 12 ni kigawe cha 6. Shirika nalo halihitaji kuelezwa kwa mkulima wa tumbaku wa Urambo aliyeuza zao lake kupitia chama cha ushirika: ni kitu kisicho cha mmoja peke yake.

Tatizo huanza mtoto huyo anapoingia sekondari. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia huko kuanzia 1985, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Hivyo istilahi iliyojengwa kwa uangalifu hukomea mlangoni, na kitendo cha aljebra kinachoihitaji zaidi hakijazoeleka kwa jina la Kiswahili.

Tuchukue 12x²y + 18xy². Walimu wengine husema "toa 6xy nje ya mabano". Lakini kutoa, tangu darasa la kwanza, ni kupunguza. Mwanafunzi mtiifu ataandika alama ya kutoa, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Tunapendekeza kutenga, kwa maana kinachotengwa hakipotei, hukaa kando kikiendelea kuzidisha. Neno kubwa nalo lisiachwe kwa kutafuta ufupi. Anayetenga 2xy hupata 2xy(6x + 9y), na jibu hilo ni la kweli lakini halijakamilika, maana 6 na 9 bado zina shirika la 3. Maelekezo ya kitabu yangeweza kusomeka hivi: "Tenga kigawo kikubwa cha shirika, kisha chunguza ndani ya mabano, ikiwa sehemu zilizobaki zina kigawo cha shirika kisichokuwa 1, endelea kutenga." Jibu litakuwa 6xy(2x + 3y), na ndani ya mabano hapana tena kinachoshirikiwa.