Furu wa Mwalimu bado anasubiri kamera

Kwa mvuvi wa Kiriba, mkoani Mara, furu ni chambo cha sangara, au kitoweo cha siku ambayo wavu umerudi mwepesi. Lakini mmoja wa samaki hawa wadogo wa Ziwa Victoria amebeba jina la mtoto wa Butiama, jirani kabisa.

Mwaka 1985, mwaka ambao Mwalimu Julius Nyerere aling'atuka urais, watafiti wa Kiholanzi Els Witte-Maas na Frans Witte walimpa samaki huyo jina la Haplochromis nyererei kwa heshima yake. Wataalamu humwita pia Pundamilia nyererei. Anaishi kwenye mawe. Dume ana mgongo mwekundu, ubavu wa manjano na mistari myeusi ya wima. Jike hana makuu.

Rangi hizo ndizo historia iliyopotea. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, furu walisafirishwa hadi jumba la makumbusho la London wakiwa wamelowekwa kwenye dawa, na dawa huua rangi. Mtaalamu wa samaki Humphry Greenwood, aliyefanya kazi Jinja, Uganda, miaka ya 1950, aliwapanga kwa meno na mataya kwa ustadi mkubwa. Ila samaki aliye chupani haoneshi jinsi anavyolinda jiwe lake wala anavyomtongoza jike.

Kisha akaja sangara. Alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, na miaka ya 1980 akafurika. Ziwa lilikuwa na aina takriban 500 za furu. Inakadiriwa aina 200 hivi zilitoweka, nyingi bila kupigwa picha hata moja zikiwa hai majini. Furu wa mawe walinusurika zaidi, kwa kuwa sangara hapenyi kwenye nyufa zao.

Adui wao mwingine ni tope. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionesha kwamba jike humchagua dume kwa rangi. Maji yakichafuka haoni vizuri, hupandana na dume wa aina nyingine, na aina mbili huishia kuwa moja. Maji yanayomnyima jike kuona ndiyo hayo hayo yanayoinyima kamera.

Kwingineko kamera ilifika mapema. Joan na Alan Root walipiga filamu chini ya maji ya chemchemi za Mzima, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1987 Hans Fricke aliwarekodi samaki aina ya silikanti wakiwa hai kwenye vilindi vya Komoro. Kwenye kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, mgeni huvaa miwani ya maji na kuelea juu ya matumbawe akirekodi samaki. Kwetu, filamu iliyovuma ni ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, iliyopigwa Mwanza. Nayo ilihusu sangara, ndege za mizigo na watu, si furu.

Simshauri kijana yeyote kujitosa ziwani kuwarekodi furu: kuna kichocho, kuna mamba. Wala hakuna haja. Kamera ndogo isiyoingiza maji, iliyofungwa kamba na kipande cha jiwe, inashushwa kutoka kwenye mtumbwi kando ya miamba, jua likiwa limepanda na upepo haujayachafua maji. Ukitulia, dume atarudi kulinda eneo lake.

Walimu wa sayansi wa Musoma, Bunda na Butiama, anzeni na wanafunzi wenu pamoja na wavuvi. Andikeni tarehe, mahali na kina, kisha pelekeni nakala kwa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI), Mwanza.