Olorgesailie: Mawe Yaliyoachwa Pale Pale

Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yalianzishwa mwaka 1910 na chama cha wapenda viumbe na mimea. Ulinzi wa mambo ya kale ulikuja baadaye, na katika kazi hiyo kaunti ya Kajiado ina fungu kubwa.

Mwaka 1919 mtaalamu wa miamba J. W. Gregory aliona zana za mawe Olorgesailie, huko Kajiado, karibu na inapopita leo barabara ya Magadi. Mwaka 1942 wanaakiolojia Louis na Mary Leakey wakafika, wakakuta mashoka ya mawe yametapakaa chini, mamia kwa mamia. Wafungwa wa vita wa Kiitalia walitumika kuchimba.

Kilichofuata nakithamini kuliko ugunduzi wenyewe. Badala ya kuyabeba mashoka yote hadi Nairobi, mengi yaliachwa pale pale yalipolala, likajengwa daraja la mbao la kupitia wageni, na mwaka 1947 umma ukakaribishwa. Shoka moja kabatini hukuonyesha ustadi wa mkono. Mashoka kwa mamia, na mahali pengine mifupa ya tembo wa kale kando ya zana, hukuonyesha watu: walikaa wapi, walichinja nini, walirudi mara ngapi. Ukiyaondoa, habari hiyo imepotea, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Kwa kuwa pameachwa, pameendelea kusema. Tangu 1985 Rick Potts wa taasisi ya Smithsonian ya Marekani amefanya utafiti huko pamoja na Makumbusho. Mwaka 2003 vilipatikana vipande vya fuvu la binadamu wa kale, la miaka kama 900,000. Mwaka 2018 zikatangazwa zana ndogo za miaka kama 320,000, nyingine za mawe meusi ya volkano yaliyotoka mbali, dalili kwamba watu walikuwa tayari wakibadilishana mali na majirani.

Leo Kitengela, humo humo Kajiado, inagawanywa ploti kwa ploti, na kila msingi wa nyumba ni uchimbaji. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inamhusu fundi wa mjengo sawa na profesa: anayekuta kitu cha kale ardhini anapaswa kuyaarifu Makumbusho ndani ya siku 7, akionyesha hasa mahali alipokikuta. Hata ploti ikiwa na hati ya jina lako, kitu hicho ni mali ya taifa.