Alama za Mwisho: Mtihani na Cheo katika Chuo cha West Point

Mwalimu yeyote aliyewahi kushika kalamu nyekundu anajua kwamba alama moja iandikwayo mwishoni mwa masomo ina uzito kuliko kumi zilizoitangulia. Anayeshindwa mwaka wa kwanza hurudi nyumbani akiwa kijana. Anayeshindwa karibu na kufuzu huwa amekwisha kutoa miaka ambayo hapana awezaye kumrudishia. Katika vyuo vya maofisa jambo hili huwa zito zaidi, maana hapo alama hazitoi cheti tu. Hutoa cheo na amri juu ya watu. Tutalitazama katika chuo kimoja, kile cha West Point, kilichoanzishwa mwaka 1802 kando ya mto Hudson, katika jimbo la New York nchini Marekani.

Utaratibu wake wa alama ulijengwa na Sylvanus Thayer, mkuu wa chuo tangu 1817 hadi 1833. Kabla yake mambo yalikuwa shaghalabaghala. Thayer aliwagawa wanafunzi katika vikundi vidogo, kila mmoja akasimama ubaoni mbele ya mwalimu kueleza somo lake, akapewa alama siku hiyo hiyo, kati ya 0 na 3. Alama za masomo na za mwenendo zilijumlishwa, na mwisho wa yote darasa zima likapangwa kwa orodha moja, tangu wa kwanza hadi mwenye kushika mkia. Orodha hiyo ndiyo iliyoamua mtu aende wapi: waliokuwa juu walichukuliwa na kikosi cha wahandisi, na waliokuwa chini aghalabu waliangukia askari wa miguu au wa farasi.

Nia ya Thayer ilikuwa njema. Mtoto wa seneta na mtoto wa mkulima walisimama mbele ya ubao ule ule. Wala kushika mkia hakukuwa aibu ya maisha. George Custer alikuwa wa mwisho kati ya 34 waliofuzu Juni 1861, na kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha alikwisha kuwa jenerali. Sharti lilikuwa moja tu: kila somo livukwe. Asiyevuka alifikishwa mbele ya baraza la maprofesa, nao ndio waliopendekeza aondoke, arudie mwaka, au apewe nafasi nyingine. Ni katika uamuzi huu wa baraza, wala si katika hesabu za Thayer, ndipo ubaguzi wa rangi ulipopata mlango.

Mwaka 1870 aliingia chuoni James Webster Smith wa South Carolina, mwanafunzi wa kwanza Mweusi kupokewa hapo. Wenzake walimtenga. Aliburutwa mbele ya mahakama ya kijeshi na kurudishwa nyuma mwaka mzima. Akavumilia. Juni 1874, akiwa amebakiwa na mwaka mmoja tu, alihukumiwa kuwa ameshindwa somo lililoitwa falsafa ya maumbile, ambalo leo tungeliita fizikia. Profesa wake, Peter Michie, aliacha desturi ya chuo na kumtahini faraghani. Smith akafukuzwa. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1876.

Mwaka uliofuata Henry Flipper, aliyezaliwa mtumwa huko Georgia, alifuzu akiwa wa 50 kati ya 76, Mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Alimwacha chuoni Johnson Whittaker, naye pia wa South Carolina. Asubuhi moja ya Aprili 1880 Whittaker alikutwa chumbani amefungwa kitandani, masikio yamekatwakatwa. Wakuu wakasema amejifanyia mwenyewe ili aukwepe mtihani! Mtihani huo aliufanya mwezi Juni, tuhuma hiyo ikiwa shingoni mwake, katika falsafa ile ile iliyomwondoa Smith, akaambiwa ameshindwa. Mahakama ya kijeshi nayo ikamtia hatiani. Machi 1882 Rais Chester Arthur aliibatilisha hukumu hiyo, lakini siku hiyo hiyo Waziri wa Vita, Robert Lincoln, mwana wa Rais Abraham Lincoln, alimwondoa chuoni kwa ajili ya alama za 1880. Mahakama ilipokosa nguvu, mtihani ulimaliza kazi.

Je, Smith na Whittaker walilijua somo lao? Huenda walikuwa dhaifu. Wanafunzi wengi weupe walilishindwa pia. Lakini linganisha na Charles Young, aliyezaliwa utumwani Kentucky mwaka 1864. Young alikuwa amekwisha kurudia mwaka kwa sababu ya hisabati, na mwaka 1889, wakati wa kufuzu, akaanguka tena, safari hii katika uhandisi. Kwa kanuni ile ile angeweza kufungishwa virago. Badala yake alipewa nafasi ya kutahiniwa upya, na mwalimu mmoja mweupe, George Goethals, akakaa naye majira yote ya joto akimfundisha. Goethals huyu ndiye aliyekuja kusimamia ujenzi wa Mfereji wa Panama. Mwisho wa Agosti, wenzake wakiwa wamekwisha kuondoka tangu Juni, Young alivuka na kupewa cheo cha luteni usu, wa 49 katika darasa la watu 49.

Mshika mkia huyo alipanda hadi kuwa kanali wa kwanza Mweusi katika jeshi la Marekani. Alitumwa Haiti, kisha Liberia, na mauti yakamkuta Lagos, Nigeria, mwaka 1922. Whittaker yeye aligeukia ualimu, akawa pia mkuu wa shule, hadi alipofariki mwaka 1931. Serikali ya Marekani ilimpa cheo cha luteni usu mwaka 1995, na Smith mwaka 1997, miaka 123 tangu alipoambiwa kwamba alama zake hazikutosha.